Silika katika Dawa ya Meno: Inachosugua na Isichoweza Kusugua



Katika duka la kijijini, Kenyamonta wilayani Serengeti kama ilivyo kwingineko nchini, dawa ya meno hukaa rafu moja na sabuni, viberiti na majani ya chai. Mnunuzi huitazama kwa mambo matatu: bei, rangi ya boksi na ahadi iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Orodha ya viambato, iliyochapwa kwa herufi ndogo nyuma ya boksi, husomwa na wachache. Humo, aghalabu katika nafasi ya pili, ya tatu au ya nne, limo jina la silika.

Jina hilo huzua maswali mawili, na kwa wakazi wa Mkoa wa Mara yote mawili yana uzito wa pekee. La kwanza ni la hofu. Watu wanaofanya kazi katika machimbo ya dhahabu huonywa kwamba vumbi la silika huharibu mapafu. Inakuwaje basi kitu hicho kitiwe kinywani mwa mtoto kila asubuhi? La pili ni la matumaini. Wako watu wengi katika mkoa huu wenye madoa ya kahawia kwenye meno. Je, dawa inayosugua kwa nguvu zaidi haiwezi kuyaondoa? Anayejibu maswali haya vibaya hulipa mara mbili: kwanza kwa fedha yake, kisha kwa jino, ambalo likishalika halioti tena.

Baada ya kusoma somo hili utaweza kueleza silika ni nini na imetiwa katika dawa ya meno kwa kazi gani. Kutofautisha silika ya dawa ya meno na vumbi la machimboni. Kutambua madoa yanayoweza kusuguliwa na yasiyoweza. Na kusoma boksi la dawa ya meno kabla ya kulipa.

1. Silika ni nini?

Silika tunayoizungumzia hapa ni muungano wa elementi mbili, silikoni na oksijeni. Haihusiani na neno la Kiswahili "silika" lenye maana ya tabia ya kuzaliwa nayo. Majina yamefanana tu. Ni miongoni mwa vitu vinavyopatikana kwa wingi kabisa katika gamba la dunia. Mchanga wa mtoni kwa sehemu kubwa ni silika. Jiwe jeupe la kwatsi, ambalo wachimbaji hulifuata kwa sababu mara nyingi hubeba dhahabu, ni silika. Hata mimea huifyonza kutoka ardhini: maganda ya mpunga yana silika nyingi, na ukali wa jani la muwa linalokwaruza ngozi unatokana kwa sehemu na silika hiyo hiyo.

Ingawa kiini chake ni kimoja, silika ina maumbo mawili makuu, na tofauti ya maumbo hayo ndiyo msingi wa somo hili. Umbo la kwanza ni la fuwele: chembe zake zimejipanga kwa utaratibu usiovunjika, mfano wa ukuta wa matofali uliojengwa na fundi. Kwatsi ni silika ya fuwele. Umbo la pili halina fuwele: chembe zake zimeshikana bila mpangilio na kuacha nafasi nyingi ndogo ndogo ndani yake, mfano wa sifongo. Silika iliyomo katika dawa ya meno ni ya umbo hili la pili.

Viwandani hutengenezwa hivi. Mchanga safi huyeyushwa kwa joto kali pamoja na magadi yaliyosafishwa, ya jamaa ile ile inayochimbwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya. Matokeo yake ni kitu mfano wa kioo kinachoweza kuyeyuka katika maji. Kimiminiko hicho kikitiwa asidi, silika hujitenga na kuganda, kama maziwa yanavyoganda yakikamuliwa ndimu. Mgando huo huoshwa, hukaushwa na kusagwa hadi kuwa unga mweupe, laini, wenye maji kidogo yaliyofungamana nao. Kwa sababu ya maji hayo, jina lake kwenye boksi huandikwa Hydrated Silica, yaani silika yenye maji.

2. Je, ndilo vumbi lile la machimboni?

Hofu ya vumbi la machimboni ni ya haki, na haifai kupuuzwa. Mahali ambapo mawe ya dhahabu hupasuliwa kwa nyundo au kusagwa kwa karasha, iwe Nyamongo wilayani Tarime au kwenye mialo midogo ya uchenjuaji, hutoka vumbi la kwatsi lililo jembamba kuliko jicho linavyoweza kuona. Vumbi hilo likivutwa hufika ndani kabisa ya mapafu na kukaa humo. Mwili hujaribu kulizunguka, na katika kufanya hivyo mapafu hupata makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna tiba ya kuyaondoa makovu, na mtu aliyeupata huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua kifua kikuu. Mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka silika ya fuwele inayovutwa kazini katika kundi la kwanza, yaani kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Katika tathmini hiyo hiyo, silika isiyo na fuwele iliwekwa katika kundi la tatu, ambalo ni la vitu ambavyo ushahidi uliopo hauruhusu kusema kuwa vinasababisha saratani. Tofauti na vumbi la machimboni basi ni tatu. Kwanza, umbo: hii si ya fuwele. Pili, njia: madhara ya silikosisi huja kwa kuvuta pumzi, ilhali silika ya dawa ya meno imefungwa ndani ya uji mzito wenye unyevu, haipeperuki. Tatu, mwendo wake mwilini: silika kidogo inayomezwa kwa bahati mbaya hupita tumboni na sehemu kubwa hutoka na choo. Silika isiyo na fuwele hutumiwa pia katika vyakula kwa kiasi kidogo, kwa mfano kuzuia unga au viungo visigandamane. Kwenye pakiti za vyakula hutambulishwa kwa alama E551.

Kwa hiyo mchimbaji anayepiga mswaki jioni hajirudishii kinywani vumbi alilolivuta mchana. Kinga yake ya mapafu iko machimboni: kulowesha mawe kwa maji kabla ya kuyasaga, kuvaa barakoa inayostahili vumbi jembamba, na kutopeleka nyumbani nguo zilizojaa vumbi. Kuacha kununua dawa ya meno yenye silika hakumwongezei kinga yoyote.

3. Kazi ambazo silika hufanya

Watu wengi hudhani kuwa povu ndilo linalosafisha meno. Povu lina msaada wake, lakini usafi wa jino hutokana zaidi na msuguano wa mswaki pamoja na unga wa kusugulia uliomo katika dawa. Silika hufanya kazi nne.

Ya kwanza ni kusugua. Baada ya kula, juu ya meno hujengeka utando wa vijidudu unaonata, ambao kwa Kiswahili huitwa ukoga. Vijidudu hao hula sukari na kutoa asidi inayooza jino. Chembe za silika, ambazo kwa kawaida upana wake ni kama mikroni kumi, yaani sehemu mia moja ya milimita, hukwangua ukoga huo pamoja na madoa ya chai, kahawa na tumbaku yaliyoshika juu ya jino.

Ya pili ni kuipa dawa uzito. Ipo silika nyingine, iliyo nyepesi na yenye kufyonza maji mengi, ambayo haitiwi kwa ajili ya kusugua. Ndiyo inayosaidia dawa isimame juu ya mswaki badala ya kumwagika kama uji mwepesi.

Ya tatu ni kuruhusu dawa ya jeli iwe ang'avu. Silika hupitisha mwanga kwa kiwango kinachokaribiana na kile cha sorbitoli na gliserini, vimiminiko vinavyotiwa ili dawa isikauke. Vikichanganywa kwa uwiano unaofaa, jicho halioni mpaka kati ya unga na kimiminiko, na dawa huonekana kama kioo. Jeli ang'avu haimaanishi kuwa haina kitu cha kusugua. Silika imo, ila haionekani.

Ya nne ndiyo muhimu kuliko zote kwa afya, nayo ni kutoizuia floridi kufanya kazi. Floridi ndiyo kiambato kinacholinda jino lisioze: huimarisha tabaka la nje la jino na kusaidia kurudisha madini yaliyoanza kupotea kwa asidi. Kwa miaka mingi unga wa kusugulia uliotumika sana ulikuwa chokaa, yaani kalisi kaboneti. Chokaa ina kalisi, na kalisi hukamatana na floridi ya aina ya sodiamu floridi na kuifanya isiyeyuke. Floridi ya namna hiyo imo katika tyubu lakini hailifikii jino. Silika haina kalisi, kwa hiyo huiacha sodiamu floridi ikiwa huru.

Hii haina maana kwamba dawa yenye chokaa ni mbaya. Watengenezaji hutumia humo floridi ya aina nyingine, sodiamu monofluorofosfati, ambayo huvumilia kukaa pamoja na chokaa. Linalotakiwa ni kwamba unga na floridi viwe vinapatana. Tutalirudia jambo hili tutakapofika kwenye kusoma boksi.

4. Ugumu wa vitu na kipimo cha kusugua

Kitu kigumu hukwaruza kilicho laini; hiyo ni kanuni anayoijua kila anayenoa panga. Mwaka 1812 mtaalamu wa madini Mjerumani, Friedrich Mohs, aliipa kanuni hiyo kipimo kutoka 1, kwa ulanga ulio laini, hadi 10, kwa almasi. Katika kipimo hicho enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, ina ugumu wa takriban 5. Dentini, sehemu iliyo chini ya enameli na inayofunua mzizi fizi zinaposhuka, ina ugumu wa kati ya 2 na 3. Chokaa ina 3. Kwatsi, na kwa hiyo mchanga wa mtoni, ina 7.

Namba hizo zatosha kuonyesha kwa nini mchanga haufai kinywani: hukwaruza enameli kama msasa unavyokwaruza ubao. Silika ya dawa ya meno hutengenezwa iwe laini kuliko enameli, na chembe zake husagwa ziwe ndogo na zenye ukubwa unaokaribiana.

Hata hivyo dawa zote hazilingani. Wataalamu hupima nguvu ya kusugua kwa namba inayojulikana kama RDA, ambayo huonyesha dentini inalika kiasi gani ikilinganishwa na unga wa kupimia uliopewa namba 100. Kiwango cha kimataifa ISO 11609 kinaweka ukomo wa 250. Kwa kawaida dawa zinazotangazwa kung'arisha meno huwa na namba ya juu, na zile za meno yanayopata ganzi huwa na namba ya chini. Namba hii mara nyingi haichapwi kwenye boksi, lakini ni vyema kujua kwamba ipo. Mtu mzima ambaye fizi zake zimeshuka, au anayehisi ganzi anapokunywa maji baridi, asinunue dawa ya kung'arisha kwa matumizi ya kila siku.

5. Madoa ya kahawia: kwa nini hayasuguliki

Hapa ndipo watumiaji wengi wa mkoa wetu hupoteza fedha na meno.

Mkoa wa Mara ni miongoni mwa mikoa ya kaskazini mwa Tanzania, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga, ambako baadhi ya vyanzo vya maji vina floridi nyingi kwa asili ya miamba. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Mtoto anayekunywa maji yenye floridi nyingi mno katika miaka ambayo meno yake ya ukubwani yanaumbika ndani ya taya, tangu kuzaliwa hadi takriban miaka minane, hupata jino ambalo enameli yake haikukomaa sawasawa. Jino huota likiwa na mistari myeupe kama chaki, na baadaye sehemu hizo hufyonza rangi na kuwa za kahawia. Hali hii huitwa flurosisi ya meno. Magadi yanayotiwa katika kupikia maharage na makande nayo yanaweza kuwa na floridi nyingi na kuongeza mzigo huo.

Jambo la kuzingatia ni mahali doa lilipo. Doa la chai limekaa juu ya jino kama matope juu ya kiatu, silika hulifikia. Doa la flurosisi limo ndani ya enameli yenyewe, kama rangi iliyotiwa katika uzi kabla ya nguo kufumwa. Silika haiwezi kulifikia bila kwanza kuila enameli. Anayeongeza nguvu ya kusugua huikwangua enameli ambayo tayari ni dhaifu, jino huanza kupata ganzi, na dentini ya manjano iliyo chini huanza kuonekana. Hapo jino huwa limeharibika zaidi, na rangi yake haijawa nyeupe.

Dawa ya meno inayoahidi kuondoa madoa ya kuzaliwa kwa kusugua, basi, inaahidi lisilowezekana. Mwenye madoa ya flurosisi yanayomsumbua amwone tabibu wa kinywa na meno, ambaye anaweza kumpa rufaa ya kwenda hospitali. Huko ziko njia za kitaalamu: kulainisha tabaka jembamba la juu kwa uangalizi, kupausha rangi, au kufunika jino kwa kijazio chenye rangi ya jino. Aelezwe pia mtoto mwenye meno hayo, na wenzake shuleni, kwamba madoa hayo si uchafu wala si uvivu wa kupiga mswaki. Yametokana na maji aliyokunywa utotoni.

Kwa watoto wanaokuja, kinga iko kwenye maji. Visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana, na floridi haina rangi wala harufu. Kuchemsha maji hakuiondoi. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi inayobaki huwa nzito zaidi. Uliza kupitia kamati ya maji ya kijiji chako, au kwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), iwapo kisima chenu kimepimwa floridi. Maji ya mvua yaliyovunwa kwa usafi kwa kawaida yana floridi kidogo sana, na yanaweza kutengwa kwa ajili ya watoto wadogo.

6. Mchanga, majivu, mkaa na mswaki wa mti

Ambako dawa ya meno ni adimu au ghali, watu hutumia kilichopo. Si vyote vyenye hatari sawa.

Mchanga na vumbi la matofali haufai hata mara moja moja, kwa sababu zilizoelezwa juu ya ugumu.

Majivu huwa na chembe za silika na madini mengine zenye ukubwa usiolingana, na yana ukali wa magadi unaochoma fizi. Yakichanganywa na ndimu au limau madhara huwa makubwa zaidi, kwa kuwa asidi hulainisha enameli na chembe huja nyuma yake kuikwangua.

Mkaa umerudi madukani kwa sura mpya, katika tyubu nyeusi na kwa bei ya juu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani hayakukuta ushahidi wa kutosha kuthibitisha usalama wala ubora wa bidhaa za mkaa kwa meno. Aidha, baadhi ya bidhaa hizo hazina floridi. Ukiamua kuinunua, tazama kwanza kama floridi imo.

Mswaki wa mti una heshima yake. Neno lenyewe "mswaki" lilikuwa jina la mti na kijiti chake kabla ya kuhamia kwenye mswaki wa plastiki. Kijiti cha mti huo, ambao wataalamu huuita Salvadora persica, kina nyuzi zinazokwangua ukoga na, miongoni mwa viambato vyake, kina silika ya asili. Shirika la Afya Duniani limetambua vijiti hivyo kuwa njia inayokubalika ya kusafisha meno pale vinapopatikana na ni desturi ya watu. Masharti ni kutafuna ncha hadi iwe laini, kuikata na kutengeneza mpya mara kwa mara, na kusugua kutoka kwenye fizi kuelekea ncha ya jino badala ya kukwaruza kwa ubapa. Ikiwa dawa yenye floridi inapatikana, kijiti kinaweza kutumiwa nayo pamoja.

7. Kusoma boksi kabla ya kulipa

Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo. Chukua mfano huu wa kubuni: Aqua, Sorbitol, Hydrated Silica, Glycerin, Sodium Lauryl Sulfate, Aroma, Cellulose Gum, Sodium Fluoride, Sodium Saccharin. Aqua ni maji. Sorbitol na Glycerin huzuia dawa isikauke. Hydrated Silica ndiyo ya kusugua. Sodium Lauryl Sulfate hutoa povu. Aroma ni ladha na harufu. Cellulose Gum hushikamanisha mchanganyiko. Sodium Fluoride ndiyo floridi. Sodium Saccharin huleta utamu bila sukari.

Baada ya kuisoma, jiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: Je, floridi imo, na ni kiasi gani? Tafuta herufi ppm, yaani sehemu katika milioni. Shirika la Afya Duniani limeiingiza dawa ya meno yenye floridi kati ya ppm 1000 na 1500 katika Orodha ya Dawa Muhimu tangu mwaka 2021. Usidanganywe na asilimia. Dawa iliyoandikwa Sodium Fluoride 0.32% na iliyoandikwa Sodium Monofluorophosphate 1.1% zina floridi inayokaribia kulingana, yaani takriban ppm 1450 kila moja. Tofauti inatokana na uzito wa chumvi iliyobeba floridi hiyo.

Swali la pili: Je, unga na floridi vinapatana? Hydrated Silica hupatana na zote mbili. Calcium Carbonate, ambayo ni chokaa, iambatane na Sodium Monofluorophosphate. Ukiona Calcium Carbonate pamoja na Sodium Fluoride peke yake, chagua nyingine.

Swali la tatu: Je, bidhaa hii inajitambulisha? Tazama jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na maandishi unayoweza kuyasoma. Bidhaa ya ndani iliyothibitishwa huwa na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Herufi zilizokosewa, boksi lililofifia na bei iliyo chini kupita kiasi ni dalili za bidhaa bandia.

Kipande cha rangi kilicho mwishoni mwa tyubu, kiwe cha kijani, bluu, chekundu au cheusi, hakisemi lolote kuhusu viambato. Ni alama inayosomwa na mashine ya kufungashia ili ijue mahali pa kukata na kufunga tyubu.

Manufaa ya kusoma boksi yalithibitika mwaka 2007 katika Jiji la Panama. Mtumiaji wa kawaida, Eduardo Arias, aliiona dukani dawa ya meno ya bei rahisi na kusoma katika orodha yake maneno diethylene glycol. Aliyatambua kuwa ni jina la sumu iliyokuwa imeua watu wengi nchini mwake mwaka mmoja kabla, ilipotiwa katika dawa ya kikohozi badala ya gliserini. Akaripoti kwa mamlaka. Uchunguzi uliofuata ulisababisha dawa za namna hiyo kuondolewa sokoni katika nchi nyingi. Hakuwa daktari wala mkemia; alisoma boksi, kisha hakunyamaza.

8. Matumizi sahihi

Piga mswaki mara mbili kwa siku, kwa dakika mbili kila mara, na mara moja iwe kabla ya kulala. Tumia mswaki wenye nyuzi laini na mkono mwepesi. Nyuzi zikianza kulala, mswaki umechoka. Ukila ndimu, chungwa au ukinywa soda, subiri kama nusu saa kabla ya kupiga mswaki, ili enameli iliyolainishwa na asidi isisuguliwe. Ukimaliza, tema povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili floridi ibaki ikifanya kazi.

Mtoto wa chini ya miaka mitatu hutosha kwa dawa ya ukubwa wa punje ya mchele. Wa miaka mitatu hadi sita, ukubwa wa punje ya njegere. Mzazi au mlezi ndiye aiweke dawa kwenye mswaki na asimamie mtoto ateme. Pale ambapo maji ya kunywa yana floridi nyingi, usimamizi huu ni wa lazima zaidi, na ni vyema kumwuliza mtoa huduma wa afya kuhusu dawa inayomfaa mtoto.

9. Ukitilia shaka

Usitupe boksi wala tyubu. Hifadhi na risiti, na uandike jina la duka na tarehe ya kununua. Tangu tarehe 1 Julai 2019 usimamizi wa usalama wa vyakula na vipodozi, uliokuwa chini ya TFDA, ulihamishiwa TBS. Kwa wakazi wa Mara, ofisi ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Malalamiko kuhusu bidhaa bandia hupokelewa pia na Tume ya Ushindani (FCC). Aliye mbali na ofisi hizo anaweza kuanzia kwa afisa afya wa kata au afisa biashara wa halmashauri.

Mambo ya kukumbuka

Silika ya dawa ya meno si vumbi la machimboni. Umbo lake na njia yake ni tofauti. Kazi yake ni kuondoa ukoga na madoa ya juu, na kuiacha floridi ifanye kazi. Madoa ya flurosisi yamo ndani ya jino, hayasuguliki. Dawa nzuri haipimwi kwa ukali. Hupimwa kwa floridi inayopatana na unga wake. Enameli ikilika hairudi.

Maswali ya kujipima

1. Jirani yako amesikia kuwa silika husababisha silikosisi na ameacha kutumia dawa ya meno. Utamweleza nini, na utamshauri ajikinge vipi akiwa machimboni?
2. Taja tofauti kati ya doa la chai na doa la flurosisi. Lipi linaweza kuondolewa na silika, na kwa nini?
3. Chukua boksi la dawa ya meno lililopo nyumbani kwako. Unga wake wa kusugulia ni upi, floridi yake ni ya aina gani na ya kiasi gani? Je, vinapatana?